Ukienda Caernarfon na mzee, uliza ngazi kwanza

Wageni wakija kututembelea Uingereza, kichwa huuma kwa jambo moja: tuwapeleke wapi? Madukani wataenda wenyewe. Mimi siku hizi nawapeleka kaskazini mwa Wales kuziona ngome za kale, na nikiwa na mzee kwenye msafara, nakwenda moja kwa moja kwenye ngome ya Caernarfon.

Nasema hivyo kwa sababu ngome zilijengwa ili watu wasiingie. Ndiyo kazi yake. Kwa hiyo mwenye magoti mabovu, mwenye mimba kubwa, mwenye kigari cha mtoto au anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kusafiri kwa muda wa saa nne akaishia kuangalia ukuta kwa nje. Kabla hujauliza kiingilio, uliza hivi: ndani kuna ngazi za namna gani, na asiyeweza kuzipanda ataona nini? Tovuti ya Cadw, idara ya serikali ya Wales inayotunza majengo ya kale, inaeleza hali ya kila ngome. Isome yote, na ukibaki na shaka piga simu.

Ngazi zenyewe ni hizi. Zimejipinda ndani ya mnara kuzunguka nguzo ya mawe. Kila kidato ni kipana upande wa nje na chembamba upande wa ndani, kiasi kwamba ukikanyaga ndani huweki zaidi ya vidole. Vimo havilingani, mawe yamelika katikati, na siku ya mvua yanateleza. Mwanga ni hafifu. Wa kupanda akikutana na wa kushuka, mmoja hujibanza ukutani mwenzake apite. Kijana hufurahia sana. Lakini shangazi yangu, ambaye goti lake limeshafanyiwa upasuaji, alichungulia mlango wa mnara mmoja akaniambia, "Mwanangu, wewe panda, mimi huko sikufuati." Na alikuwa na haki kabisa.

Caernarfon tulipanda wote, maana tangu 2023 kuna lifti. Imewekwa kwenye Lango la Mfalme, na inakufikisha mpaka juu ya paa, kwenye sakafu mpya yenye vizuizi imara vya kuegemea. Humohumo langoni kuna mgahawa na vyoo, kikiwemo choo kikubwa chenye vifaa vya kumhudumia mtu mzima asiyejiweza. Kama umewahi kuzunguka na mgonjwa ukitafuta choo anachoweza kuingia, unajua hilo lina thamani gani.

Na fikiria ni lango gani hilo. Waliolichora walitaka mtu avuke madaraja mawili ya kuinuliwa, apite milango mitano, na juu ya kichwa chake yaning'inie mageti sita ya fito nzito, ya kushushwa kutoka juu, ndipo aingie ndani. Halikukamilika, lakini mifereji ya zile fito bado inaonekana kwenye mawe. Mwonyeshe mgeni wako, umweleze. Leo palepale anapita bibi na fimbo yake, anabonyeza kitufe.

Juu ya paa tulikaa muda mrefu. Upande mmoja ni mlangobahari wa Menai na kisiwa cha Anglesey, upande wa pili milima ya Eryri. Karibu nawe kuna Mnara wa Tai, mkubwa kuliko yote, wenye minara midogo mitatu juu na mabaki ya sanamu za tai kwenye kingo zake. Huo hauna lifti, mpandaji ni mwenye miguu. Gawaneni: vijana waende, mzee abaki na mtu mmoja, asiachwe peke yake na mikoba yenu.

Mpe historia kidogo, kwa sababu bila hiyo mawe ni mawe tu. Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wales, aliuawa Desemba 1282. Mwaka uliofuata Edward wa Kwanza, mfalme wa England, akaanza kujenga hapa ili kuwabana watu wa Wales ndani ya nchi yao. Mwaka 1294 wakaasi, wakaiteka ngome na kuiharibu, kisha ikajengwa tena. Kwenye ukuta unaotazama mji, tafuta matundu ya wapiga mishale: kwa ndani wanakaa watu watatu, kila mmoja na tundu lake, lakini kwa nje mishale yote inatokea kwenye upenyo mmoja mwembamba. Aliyekuwa chini hakujua anapigwa na wangapi. Shangazi alipoelewa alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Kumbe na hawa walitawaliwa." Watu wa pwani yetu hawahitaji maelezo marefu kuhusu ngome ya mgeni.

Yeye ni mtu wa Kilwa Masoko, kwa hiyo nilimwambia na hili. Kazi ya Caernarfon ilisimama yapata 1330. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga jumba la Husuni Kubwa. Ni majengo ya wakati mmoja, yote mawili yapo kwenye orodha ya UNESCO. Wanetu wanaosomea huku wanafundishwa moja tu kati ya hayo mawili, na ni juu yetu kuwafundisha la pili.

Sasa safari yenyewe. Treni ya kawaida haifiki Caernarfon. Unashuka Bangor, unachukua basi, kama nusu saa hivi. Jumapili mabasi hupungua, kwa hiyo angalia ratiba ya kurudi kabla ya ile ya kwenda. Ukiwa na gari, maegesho makubwa yako chini ya ngome kando ya mto, ila kutoka hapo mpaka langoni kuna mwinuko. Mshushe mzee juu karibu na uwanja wa mji kwanza, kisha nenda kaegeshe. Mwinuko huo ukiudharau, atafika langoni ameshachoka.

Mlango wa kuingilia hufungwa nusu saa kabla ya ngome yenyewe kufungwa, na majira ya baridi hufunga mapema. Tarehe 24, 25 na 26 Desemba na 1 Januari hakuna kuingia, jambo la kuangaliwa na wanaopokea wageni wa likizo. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi. Mtu mwenye ulemavu na msaidizi wake nao huingia bure, basi liseme hilo dirishani bila aibu. Kama mnakusudia ngome zaidi ya moja, uliza tiketi ya pamoja ya siku kadhaa, mara nyingi ndiyo nafuu.

Chakula, mimi nabeba. Mgahawa upo na chai yake ni nzuri, lakini ukiwa na mzee anayekula halali au mwenye kisukari, usiiachie bahati. Chapati, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai, mnakaa nje kando ya maji mnakula kwa nafasi. Msikiti upo Bangor, si Caernarfon, basi panga sala zako kwa kuzingatia hilo. Viatu viwe vya soli ya kushika. Mwavuli acha nyumbani, upepo wa juu ya paa utaugeuza; chukua koti la mvua lenye kofia, hata Julai. Mama zetu wa kanga na khanzu ndefu wavae kitu kinachoinuka kwa urahisi, si cha kukanyagwa kwenye vidato.

Mjini utasikia Kiwelisi kila mahali, dukani, kwenye basi, watoto wakigombana. Salimia "bore da" asubuhi, shukuru kwa "diolch". Shangazi alijifunza yote mawili kabla hatujafika dirisha la tiketi, na mhudumu alimtafutia kiti bila kuombwa.

Usizibebe ngome zote siku moja. Conwy ni tamu mno kwa vijana, maana wanaweza pia kutembea juu ya ukuta unaouzunguka mji, lakini ni ngazi mwanzo mwisho. Harlech iko juu ya mwamba. Kwa mzee ambaye bado ana hamu kesho yake, mpeleke Beaumaris, kule Anglesey: ilianzwa 1295, iko tambarare, ina handaki la maji kando ya kuta, na sehemu kubwa ya uzuri wake unaiona ukiwa chini. Caernarfon na Beaumaris kwa siku mbili, mkilala Bangor katikati, ndiyo ratiba ninayoipendekeza kwa familia yenye bibi na wajukuu.