Zorki 4, Canon P au Leica M3?

Mkuu, umeuliza uchukue ipi kati ya kamera za filamu Zorki 4 na Canon P, na kama Leica M3 inastahili bei yake. Nimezitumia zote tatu, na mimi huvaa miwani, jambo ambalo kwenye kamera hizi lina uzito mkubwa.

Zorki ni chuma kizito cha Kirusi. Kitazamio chake (kidirisha cha kuchungulia unapopiga picha) ni kikubwa na kina kijiti cha kurekebisha kulingana na macho yako, ila hakina mistari ya fremu inayoonyesha picha itaishia wapi, na ule mduara wa chuma unapoweka jicho unakwaruza miwani. Bandika hapo kipande cha mpira. Tena, vuta filamu kwanza ndipo ubadilishe kasi ya pazia (kifuniko kinachofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu). Ukifanya kinyume unaweza kuharibu mitambo.

Canon P ya mwishoni mwa miaka ya 1950 imeungwa vizuri zaidi. Kitazamio kinaonyesha vitu kwa ukubwa wake halisi, kwa hiyo unaacha macho yote mawili wazi. Raha sana! Tatizo ni fremu za lenzi za milimita 35, 50 na 100 kuonekana kwa pamoja, na ya 35 iko pembeni kabisa. Pazia lake ni la chuma chembamba, usiliguse kwa kidole.

M3 ya mwaka 1954 ni daraja jingine. Ule mstatili mdogo wa kufokasia katikati ya kitazamio una kingo kali, unafokasi hata penye mwanga hafifu. Lakini fremu zinaanzia 50, ya 35 haimo.

Kwa bajeti yako, chukua Canon P. Kabla hujalipa, fungua mgongo ukague pazia.