Kabla hujaandika barua ya disponibilite ili ukaombe udepite

Juma hili nimepata mesaji kwa WhatsApp, ya binti mmoja ambaye sitataja jina lake. Yuko shefu wa biro katika serivisi moja ya serikali hapa kwetu Lubumbashi, Kongo, miaka tisa sasa. Ameandika hivi: "Papa, yambo yenu. Watu wa kartie wananiambia 2028 nisiogope, nijitokeze kwa udepite, wananipenda juu nimewasaidia mingi. Wewe ulipita ile njia mara mbili. Nianze na nini?"

Nilisoma mara tatu. Usiku sikulala vizuri. Juu yale maneno, "wananipenda juu nimewasaidia", ni yangu mimi, niliyasema mbele ya bibi yangu, mama ya watoto wangu, mwaka 2018 tukiwa mezani, bukari iko inapoa, na yeye aliniangalia tu bila kujibu. Basi mwanangu, nakujibu hapa mbele ya wote, maana najua hauko peke yako. Mko wengi ndani ya ma biro, mnasaini karatasi asubuhi, na saa ya kurudi nyumbani mnaota kiti cha Bunge kule Kinshasa.

Mimi nilifanya kazi ya serikali miaka 22. Nilianza ajenti wa kawaida, nikafika shefu wa divizio. Sitaitaja serivisi, lakini ilikuwa ile serivisi ambayo mtu akiwa na lupango, yaani kiwanja, au nyumba lazima siku moja apite kwako. Na nasema bila haya, nilifanya kazi vizuri. Mama mjane alikuja na karatasi zake, sikumrudisha rudisha. Wazee wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi, wote walijua mlango wangu. Kwa kilio nikifika tu wananipa kiti cha mbele, kwa ndoa wananiita nikate keki. "Shefu, wewe njo depite wetu." Nilisikia hilo neno miaka mingi mpaka likawa ndani ya damu.

Ilipofika 2018 niliandika barua. Sheria yetu ya uchaguzi inasema mtu wa kazi ya serikali akitaka kuwa kandida lazima aonyeshe kama ameomba disponibilite, yaani kuachiliwa kazi kwa muda, kabla siku za kupokea ma kandida hazijaisha, bila hiyo wanakukatalia. Ni karatasi moja tu, kurasa moja, nilisaini na kalamu ile ile ya kazini. Kisha dhamana, milioni moja na laki sita za franka, kama dola 1,000 za wakati ule, na hizo hazirudi, ushinde ushindwe. Kisha mashati ya kampanye, kaliko za kutundika barabarani, petroli, vijana wa kuimba, chakula cha vijana wa kuimba. Niliuza lupango yangu ya upande wa Annexe. Lupango ile tulikuwa tumeiwekea watoto.

Kampanye yenyewe sitaeleza sana, kampanye zote zinafanana, unaamka sauti imekwisha unalala miguu imevimba. Nitasema kitu kimoja tu. Tulikuwa tumehesabu makuta yetu yafike tarehe 23 Desemba, siku ya kura. Katikati ya Desemba depo ya Ceni, ile tume ya uchaguzi, ikaungua kule Kinshasa, wakasukuma kura mpaka tarehe 30. Wiki moja nzima ya nyongeza! Wale vijana bado wanakula, gari bado inakunywa, mvua inanyesha, kaliko zinashuka kwenye matope, na mimi sina kitu tena mfukoni. Nilikopa kwa shemeji yangu. Lile deni nimelimaliza mwaka jana tu. Kwa hiyo ukipanga makuta yako, panga na siku ambazo haziko kwa kalenda, juu kwetu kalenda ya uchaguzi inaweza kusogea dakika ya mwisho, na mwenye makuta ya kuhesabiwa huyo ndiye anaanguka wa kwanza.

Siku ya kura ilikuwa ile mashini ya kuchagulia, mwaka wake wa kwanza. Unagusa kioo, zinatokea sura na majina na namba, unachagua, inachapa karatasi. Nilipita kwa shule moja ya Katuba ambako kulikuwa na ma biro kadhaa. Mama mmoja ninayemjua akatoka akanishika mkono, macho yana machozi, akasema: "Shefu, nimekutafuta mule ndani sijakuona. Nimetafuta Shefu wa Divizio, haiko." Mwanangu, nisikilize vizuri hapa. Yule mama nilimsaidia kupata karatasi zote za nyumba yake. Alinipenda kweli. Lakini jina langu hakulijua. Miaka yote ile hakuna siku aliyohitaji kulijua, mimi kwake nilikuwa mlango wenye maandishi. Na sura yangu ilikuwa kati ya sura mingi sana, ndogo kama stampu, na nyuma yake foleni inapiga kelele aharakishe.

Jioni wakabandika matokeo ukutani. Katika biro moja nilikuwa nangojea kura mia moja hivi. Zilikuwa 11. Nilisimama pale na tochi ya simu nikahesabu tena kama mtu anayehesabu makuta yaliyopunguka. Kumi na moja.

Sasa ile iliyonichoma zaidi si hiyo. Mji mzima wa Lubumbashi, nilipata kura elfu nne na kitu. Si kidogo, mtu asikudanganye, ni watu elfu nne walioacha nyumba zao siku ya mvua kwa ajili yangu, na mpaka leo nawashukuru. Kuna mtu wa listi ingine aliingia Bunge na kura chini ya zangu. Chini! Nililia wizi. Nilisema kwa kila mtu kwamba wameniiba. Miezi mingi nilisema hivyo. Ilibidi mdogo wangu mmoja ambaye anajua sheria anikalishe chini na karatasi na kalamu, anieleze kitu ambacho nilipaswa kukijua kabla ya kuuza lupango. Pale kwetu mjini ambako viti viko vingi, kura yako haihesabiwi yako peke yako. Kwanza inaingia kwa listi ya chama chako. Wanaangalia listi imepata ngapi, wanaipa viti, kisha ndani ya listi mwenye kura nyingi njo anakaa. Na kabla ya hiyo yote, chama chako lazima kifikishe 1 kwa mia ya kura zote za nchi nzima, kutoka hapa mpaka Mbandaka mpaka Goma. Chama changu kilikuwa kidogo, kilinipendeza juu mkubwa wake alinipokea kwa heshima na kuniita "mheshimiwa" siku ya kwanza. Hakikufika. Basi kura zangu elfu nne zilikuwa kama maji umemwaga kwa mchanga, hata kama ningepata elfu kumi.

Nilikuwa mtu wa karatasi miaka 22, nilijua kila artikulo ya kazi yangu, na sheria ya jambo kubwa kuliko yote niliyofanya maishani sikuifungua hata siku moja. Niliuliza watu kama wananipenda. Sikuuliza hesabu.

Kurudi kazini, nisiseme mengi. Nilipeleka barua. Kiti kilikuwa na mwenyewe tayari, na hakuna aliyenifukuza, walikuwa wananiambia tu "ngoja kidogo Shefu", na kidogo ikawa miaka. Simu ikanyamaza. Watu waliokuwa wananipigia saa kumi na mbili asubuhi sikusikia tena sauti yao. Kuna mtu mmoja, mtoto wake alilazwa, mimi njo nililipa ili atoke hospitali. Nilimwona kwa macho yangu akivuka barabara ili tusikutane. Hiyo bado inaniuma, nasema ukweli, hata sasa nikiandika. Bibi yangu alianza kuuza unga soko la Kenya, na alinilisha, na hakunikumbusha hata mara moja lile neno nililosema mezani. Mwanamke wa namna ile ukiwa naye, mheshimu.

Utaniuliza, sasa 2023 ulirudi kufanya nini? Nilirudi juu nilifikiri nimejifunza. Nilisema kosa ni mji, mjini watu ni wengi na hawajuani, nitaenda kwa asili yetu, upande wa Kasenga, kule Luapula, wazee walimjua babu yangu. Na chama kimoja kilinitafuta chenyewe, kikubwa kuliko kile cha kwanza. Nilivimba. Sikujua, au sikutaka kujua, kwamba sheria mpya ya 2022 ilikuwa inataka kila chama kionyeshe ma kandida wa asilimia 60 ya viti vyote, la sivyo listi zake zote zinatupwa. Vyama vilikuwa vinatafuta majina ya kujaza karatasi. Mimi nilikuwa jina. Nilipouliza msaada wa kampanye walinipa kaliko chache na "tutaonana", na hatukuonana. Mwaka ule kwa udepite wa taifa tu tulijiandikisha zaidi ya 25,000 nchi nzima kwa viti visivyofika 500. Hebu fikiri, wangapi kati yetu walikuwa wa kujaza tu na hawakujua.

Kule kijijini walinipokea vizuri, walinipa samaki, walicheza. Kisha mzee mmoja akasimama mbele ya shefu wa kijiji akaniuliza kwa utulivu kabisa: "Mwana wetu, hapa hospitali yetu haina dawa, barabara hizi za ndani mvua inazikata, wewe ulikuwa mkubwa wa serikali Lubumbashi miaka mingapi? Ulikuja lini?" Nilihesabu kichwani. Nilikuja kwa kilio cha mama yangu, na kilio cha mjomba. Mjini walikuwa wananiuliza wewe ni wa wapi, enda ukaombe kura kwenu. Kwetu wakaniambia wewe ni mtu wa mji. Sikuwa na jibu, nilisema mambo ya kampanye, nikaona macho yao yamefunga.

Tarehe 20 Desemba 2023, siku ya kura, niliweka matemwe, wale mashahidi wa kukaa ndani ya biro ya kura, kwa sehemu ndogo tu, makuta hayakufika. Na hapa njo nataka uandike na wino mwekundu. Ceni ilitangaza matokeo ya udepite usiku wa tarehe 13 Januari 2024, ukitaka kupinga una siku 8 tu, na lazima upeleke kwa Korti ya Katiba kule Kinshasa. Siku 8! Adivoka akaniuliza swali moja: karatasi za matokeo za kila biro, ziko wapi? Nilikuwa nazo chache. Akafunga daftari yake. Bila shahidi ndani huna karatasi, na bila karatasi wewe una maneno tu, na maneno kila aliyeshindwa anayo. Ninajivunia kitu kimoja, wakati Ceni ilifuta ma kandida 82 mwezi ule wa Januari kwa mambo ya udanganyifu na mashini kukutwa kwa watu, jina langu halikuwamo. Nimeshindwa mara mbili, sijaiba hata mara moja. Hilo watoto wangu wanalo.

Wengine wataniambia unavunja vijana moyo. Hapana. Angalieni wakubwa wenyewe. Moïse Katumbi alikuwa gavana wa Katanga yote kutoka 2007 mpaka 2015, sote tuliona alivyopendwa mji huu, 2018 alizuiliwa kuingia pale mpakani Kasumbalesa hata hakufika kuweka kandidatiri ya urais, 2023 kwa kura ya urais alifika wa pili na kama 18 kwa mia. Adolphe Muzito alikuwa waziri mkuu wa nchi kutoka 2008 mpaka 2012, na kwa kura ile ile ya urais 2023 alipata kama 1 kwa mia. Waziri mkuu! Kama kiti cha juu namna ile hakigeuki kura, kiti chako cha shefu wa biro kitageuka namna gani? Heshima ya ofisi ni ya ofisi. Unaikuta, unaiacha. Na nyinyi mlio kazini leo, mnaosalimiwa na kila mtu, acheni kuhesabu zile salamu, tembeleeni watu wakati hamuombi kitu, rudini kwenu wakati hakuna kilio, muache watu wajue jina mliloitwa na mama zenu.

Sasa wewe binti yangu. Usiandike barua bado. Wiki hii tembea kwa wale watu wa kartie wanaokupenda, waulize jina lako kamili, bila kuwasaidia, na uandike wangapi wamelijua. Kisha chama kinachokuita, angalia 2023 kilikuwa kati ya vyama na makundi 44 yaliyopita ile 1 kwa mia, katika yote 71, au kati ya yale mengine yaliyoanguka. Kisha uhesabu ma biro ya kura ya komini yako yote, na mtu mmoja wa kukaa ndani ya kila biro kutoka asubuhi mpaka wamalize kuhesabu usiku, chakula chake, usafiri wake. Nitumie hayo majibu matatu. Siku ya Mungu mchana niko nyumbani, bibi atapika bukari na samaki wa Kasenga, kuja na bwana yako pia, juu lupango itakayouzwa ni yake naye.