Desemba Haina Nafasi, Tunga Humo Humo

Kila ikikaribia Desemba napewa ushauri uleule na watu wanaonipenda: amka saa kumi alfajiri nyumba ikiwa kimya, uandike kwa utulivu. Ushauri mzuri, kwa mwenye nyumba iliyo kimya. Kwangu hapa Mtwara mwezi huo sebule ni magodoro kutoka ukuta hadi ukuta. Ukiwasha taa, mtoto mmoja analia, wa pili anataka maji, na shangazi aliyekuwa anajiandaa kwa swala anauliza kuna nini tena. Halafu joto. Usiku wenyewe tunageuka geuka tu, na ikifika saa kumi na mbili jua limeshatoka. Mtu aliyekaa kwenye cherehani mpaka saa sita usiku haamki saa kumi akatunga kitu cha maana. Atatunga makosa.

Mimi ni fundi wa nguo za kike na sare za shule, na ni mtunzi wa mashairi ya vina na mizani. Machache yamesomwa redioni, mengi yamesomwa harusini, mengine yako kwenye madaftari yanaliwa na mende. Leo nazungumza na wenzangu ambao kazi ya kuleta ugali ni moja na sanaa ni nyingine: wewe unayechora, unayepiga gitaa, unayechonga, ambaye msimu wa sikukuu ukianza sanaa ndiyo inatangulia kuingia kabatini.

Tuelewane kwanza kuhusu msimu wenyewe, maana huku kusini sikukuu haiji peke yake. Korosho zinaanza kuokotwa kama Septemba au Oktoba, zinapelekwa ghalani kupitia vyama vya msingi, zinapigwa mnada, ndipo fedha zinaingia kwa mkulima. Malipo yakitoka kwa awamu, wateja nao wanakuja kwa awamu na fundi anapumua. Yakikwama halafu yakaachiwa kwa mkupuo, vitenge vya mji mzima vinatua mezani kwako wiki moja. Shule nazo zimefungwa, kwa hiyo jando na unyago vinapangwa humo humo, na siku hizi hakuna ngoma isiyo na sare. Ikiisha Krismasi na Mwaka Mpya, wazazi wanakumbuka kwamba mtoto amekua na sketi ya shule haimfiki magotini.

Nyumbani kwetu mambo ni mara mbili. Upande wa mama ni watu wa Masasi, Waanglikana wa tangu wamisionari Waingereza wa UMCA walipopiga kambi pale 1876. Upande wa baba ni Mikindani, Waislamu. Krismasi wanakuja wote, Idi wanakuja wote, na hakuna anayekuja na sufuria. Ongeza ndugu wa Dar es Salaam. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe pale Rufiji mwaka 2003, wamekosa kile kisingizio cha kivuko.

Kwa hali hiyo, ukisubiri upate nafasi utatunga Februari. Nilichojifunza ni kuacha kutafuta saa yangu ya kawaida na kubadilisha aina ya kazi ninayoifanya ndani ya msimu. Mwangalie anayetengeneza mkeka. Ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, anausuka popote: barazani, msibani, akisubiri maji yachemke, anaongea na wewe huku vidole vinakwenda. Anaukunja, anauweka pembeni, kesho anaendelea. Kuunganisha ukili uwe mkeka ni habari nyingine. Hapo anataka nafasi ya kutandaza, mwanga, na watoto wakae mbali. Kila sanaa ina sehemu yake ya ukili. Desemba fanya hiyo tu. Kuunganisha kuachie mwaka ujao bila kujilaumu.

Kwangu mimi ukili ni mshororo mmoja. Shairi zima silifikirii kabisa. Najiwekea mshororo mmoja wa mizani, yaani silabi, kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule, na nauchanganya na kazi ambayo haitaki akili: kupinda pindo refu, kufungua mshono uliokosewa, kupiga pasi. Kukata kitambaa hapana. Ukitunga huku unakata kitenge cha mtu utakilipa.

Pa kuandikia ni daftari la vipimo, kwa sababu liko wazi mezani siku nzima na penseli imefungwa kwa uzi pembeni yake. Ukurasa wa kawaida unasomeka hivi: kifua 40, kiuno 34, nyonga 44, urefu wa gauni 52, mkono wa robo tatu, zipu mgongoni. Chini ya hapo, kwa mwandiko mdogo, nusu ya mshororo. Wengi watakwambia tumia simu, jirekodi sauti. Nimejaribu. Simu ina sauti nyingi za mimi nikinong'ona huku pikipiki inapita, na sijawahi kurudi kuzisikiliza. Karatasi inakutazama kila ukirudi kuangalia kiuno cha mtu.

Huu hapa ubeti wa msimu uliopita, muuone ulivyokusanyika:

Kitenge kimeshafika, sikukuu mlangoni,
Na mwenyewe anacheka, ati nishone jioni,
Umeme umekatika, natafuta tochi ndani,
Uzi hauna haraka, haraka iko kichwani.

Mshororo wa kwanza ulikuja mteja akiwa bado amesimama mbele yangu, Krismasi ikiwa imekaribia, mfuko wa kitenge mkononi. Wa tatu ulifuata usiku uleule umeme ulipokwenda. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, haijali, lakini pasi na taa vinajali. Wa pili niliuziba baadaye kwa sababu nafasi ilikuwa wazi na kina kilikuwa kinanisubiri. Wa mwisho ulikuwa "Mshono hauna haraka", mpaka mpwa wangu wa kidato cha pili alipohesabu kwa vidole: mama mkubwa, mizani tisa hii. Nikaweka "uzi". Nadhani hata maana imekaa vizuri zaidi, maana mshono unaweza kuharakishwa, uzi ukiuharakisha unakatika.

Mnaona faida ya arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, hapo. Kuna vijana wanaodhani vina na mizani ni minyororo ya wazee, na sitaki kurudia ugomvi huo ambao watunzi wa Kiswahili walishaupigana tangu miaka ya 1970. Nasema la kiutendaji tu: katika mwezi wenye vurugu, umbo lililofungwa linakushikia kazi. Ukiitwa jikoni katikati ya mshororo, ukirudi baada ya saa mbili unajua kabisa kinachokosekana: mizani nane zinazoishia na "ni". Shairi huru haliwezi kukusubiri hivyo. Ukiondoka, upepo wake unaondoka na wewe.

Anayechora atafute kitu cha namna hiyo. Karatasi za ukubwa mmoja, penseli moja, na kitu kimoja cha kurudia, mikono kwa mfano. Desemba nyumba imejaa mikono: inayokuna nazi, inayopepeta mchele, inayobangua korosho ikiwa na majivu ili ile mafuta ya ganda isiwaunguze vidole. Mpiga gitaa achague kipande kifupi akiboreshe hicho hicho, asianze wimbo. Mchongaji simshauri mengi, mpingo ni mgumu na patasi si kitu cha kuacha ovyo penye watoto. Labda anoe vifaa, achague magogo, achore umbo kwa mkaa juu ya mti na kuliacha.

Kuhusu wageni, wengi tunawahesabu kama maadui wa sanaa. Nami nilikuwa naelekea huko, ila wageni wa Desemba wanabeba mali. Bibi zangu kutoka Masasi wanapokaa kubangua korosho wanatupiana vitendawili na mafumbo ambayo mjini huku hayasikiki tena, na ukiwa mtunzi kazi yako ni kukaa karibu na kunyamaza. Kuna mpaka wake. Ya ndani ya unyago yanabaki ndani. Anayeyatoa nje kwa sababu yamempatia ubeti mzuri hana adabu, na hao hao bibi hawatamwita tena. Lakini maneno ya jikoni ni ya wote, uyachukue.

Na wageni wanataka kutembezwa. Badala ya kuona siku imepotea, wapeleke mahali ambapo na wewe utapata kitu. Mimi wa kwangu nawapeleka Majengo, kanisa la Mtakatifu Paulo, kuona kuta alizochora Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini Mjerumani, zimejaa picha za Biblia kwa rangi ambazo huwezi kupita bila kusimama. Hata shangazi zangu wa Mikindani huwa wanasimama. Nikitoka pale, mkono unawasha. Siku nyingine tunakwenda Mikindani kwenyewe, watoto waoge, mimi nikae chini ya mkrismasi uliochanua mwekundu nihesabu mizani. Hakuna anayejua kama nafanya kazi.

Sasa ya kukataa. La kwanza ni kazi mpya. Usianze riwaya tarehe ishirini Desemba, wala utenzi, wala usijiahidi kwamba Mwaka Mpya ukiingia utaandika kila siku. La pili, na hili linauma zaidi, ni maombi ya dakika za mwisho. Watu wakijua unatunga, Desemba wote wanataka shairi: la harusi ya keshokutwa, la kumuaga mwalimu mkuu, la mjomba aliyestaafu. Bure, bila shaka, kwa sababu "wewe linakutoka tu". Mtu yule yule hathubutu kuniambia nimshonee gauni bure kwa sababu mkasi unanitoka. Siku hizi nina jibu moja: beti nne, bei yake hii, nusu unatanguliza kama kitambaa. Wengi wanakumbuka ghafla kwamba kuna binamu anayejua kutunga. Wanaobaki wanalipa, na shairi la kulipiwa linaheshimiwa, linasomwa hadi mwisho, MC halikatizi katikati ili aite keki.

Kuna siku hakuna hata mshororo. Tarehe ishirini na nne na ishirini na tano mimi sijidai, hizo ni za jiko na cherehani. Siku ya Boxing Day wengi wamelala, wali wa jana upo, na nusu saa inapatikana ukikubali kuacha vyombo.

Mwisho wa Januari sare zikishaisha na mvua imewapeleka watu mashambani, dukani kunakuwa kweupe. Hapo ndipo nalifungua daftari la vipimo toka mwanzo na kunakili yaliyoko pembeni kwenye daftari la kweli. Nusu nzima naitupa. Kuna mishororo ambayo ni uchovu tu wenye vina. Iliyobaki naipanga, na mara nyingi naona kwamba mishororo ya wiki tofauti inazungumzia jambo moja, kwa hiyo shairi lilikuwa linajitunga bila mimi kulisimamia. Kwa miaka hii Ramadhani nayo imesogea hadi Februari, mwaka wa Kiislamu ukiwa mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo nafasi hiyo ni fupi, na wateja wa nguo za Idi hawako mbali.

Jambo moja la tahadhari kwa mafundi. Daftari la vipimo linasomwa na wateja pia. Mwenye kile kitenge alikuja kuchukua gauni lake, akageuza ukurasa kutafuta jina lake, akaukuta ubeti. Akausoma kwa sauti dukani, watu wakacheka, yeye akacheka kuliko wote, kisha akasema kwa kuwa nimemtumia kwenye kazi yangu nimpunguzie. Nilimpunguzia. Mwaka huu analeta kitenge Novemba, ameapa.