Kilima hakiitwi “baada ya” mtu

SWALI: Mimi ni mwalimu karibu na Gilgil. Wanafunzi wangu wanaandika bango kuhusu kilima kilicho kando ya Ziwa Elementaita, ambacho Wazungu walikiita Pua ya Delamere. Tuandike “kilima kilichoitwa baada ya mlowezi Delamere” au “kilima cha Delamere”? Na je, ni urithi, turathi au mirathi yetu?

JIBU: Mwalimu, lile “baada ya” lifuteni kwanza. Siku hizi nalikuta kila mahali, hata magazetini, na linaniuma. Kwa Kiswahili, “baada ya” ni neno la wakati. Ukisema kilima kiliitwa baada ya Delamere, msikilizaji anangoja umalizie: baada ya Delamere kufanya nini? Baada ya kufika? Baada ya kufa, mwaka 1931? Mtoto wetu hupewa jina la babu yake, au huitwa kwa jina la babu. Hakuna bibi atakayekuambia mjukuu kaitwa “baada ya” babu. Basi na kilima vivyo hivyo: kimepewa jina la Delamere.

“Kilima cha Delamere” ni sahihi kisarufi, lakini hapa kinanitia wasiwasi. Kihusishi cha -a kinabeba mengi. Chuo Kikuu cha Kenyatta hakikuwa mali ya Kenyatta, na kila mtu anajua. Lakini shamba la Delamere lilikuwa lake kwelikweli: Soysambu, ardhi iliyokizunguka kilima hicho, ilikuwa milki yake. Kwa hiyo mgeni akisoma “kilima cha Delamere” ataelewa umiliki, wala hatakuwa amekosea kusoma. Wamaasai walihamishwa kutoka sehemu hizo za Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, wakapelekwa Laikipia na kusini. Herufi tatu tu, “cha”, zinaweza kuifunika habari yote hiyo. Andikeni “kilichopewa jina la”, hata kama ni refu zaidi.

Neno “mlowezi” mmelichagua vizuri. Linatokana na kulowea, yaani kuhamia mahali na kukaa huko moja kwa moja. Wazee wengi wa Kenya watasema “setla”, na katika mazungumzo halina ubaya.

Sasa jina lenyewe. Wamaasai hukiita Elngiragata Olmorani, morani aliyelala. Kitazameni kwa mbali, mtaona mtu amelala chali, uso juu. Walowezi nao waliuona uso huohuo, wakashika pua na kuipa jina la mkubwa wao. Umbo ni moja, majina mawili, na kwangu hapo ndipo penye thamani ya kilima hiki. Msiliache hata moja: la kwanza linasema nani walikitazama kabla, la pili linasema nani walikuja wakachora ramani. Nairobi ilifuta Delamere Avenue ikaandika Kenyatta Avenue. Lakini kwa kilima hiki, jina la Kimaasai halikungoja kuandikwa upya.

Mirathi ni mali ya marehemu inayogawiwa warithi, kwa hiyo haifai hapa. Urithi unafaa, na ndilo neno lililozoeleka katika “Urithi wa Dunia”, hadhi ambayo Elementaita ilipewa mwaka 2011 pamoja na Nakuru na Bogoria. Turathi ni mahususi zaidi: mambo ambayo jamii imeachiwa na waliotangulia, yakiwemo majina. Kwa bango lenu ningechagua turathi.

Ningeandika hivi: “Wamaasai hukiita kilima hiki Elngiragata Olmorani, morani aliyelala. Wakati wa ukoloni kilipewa jina la mlowezi Lord Delamere, kikaitwa Pua ya Delamere. Majina yote mawili ni sehemu ya turathi za hapa.”

Kabla ya kupaka rangi, mpeni mzee wa Kimaasai wa hapo alisome jina la kwanza kwa sauti. Wanafunzi walitamke kama anavyolitamka yeye.