Barua kwa Mwanangu Zuhura: Askari Aliyemkaba Mkewe Hakuwa Nje ya Sheria

Tacoma, Jimbo la Washington, Marekani

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, na namshukuru Mungu kwamba u mzima. Barua yako imenikosesha usingizi, kwa hiyo naijibu mapema kabla hujashauriwa na watu wengine. Umeniandikia kwamba askari mwenzako wa kikosi kimoja, mtu wa kwetu Afrika Mashariki, alimkaba mkewe koo usiku wa Jumamosi katika nyumba waliyoipanga nje ya kambi. Kwamba polisi wa kaunti walimchukua, akatoka kwa dhamana, na sasa anawaambia wenzake kuwa jeshi halina la kumfanya kwa sababu hakuwa kazini wala hakuvaa sare, na kwamba hata likitaka kumshtaki haliwezi, maana hakuna mtu anayehukumiwa mara mbili kwa kosa moja. Umeniuliza kama hayo ni kweli, na kama wewe, uliyeiona shingo ya yule dada asubuhi ya Jumapili, unapaswa kusema lolote au ukae kimya kwa kuwa mambo ya mke na mume hayaingiliwi.

Mimi si wakili, na ikifika mahali pa kuhitaji wakili nitakuambia. Lakini ukitafsiri mahakamani karibu na kambi kubwa kama hii yetu ya Lewis-McChord, unaketi miaka mingi kati ya askari, wake zao na mahakimu, nami nimejilazimisha kuisoma sheria hii ili nisiwe nayatamka maneno nisiyoyaelewa mbele ya mtu ambaye maisha yake yanategemea maneno hayo.

Anayoyasema mwenzako si kweli. Sheria ya makosa ya kijeshi, ile mnayoiita UCMJ, ilipitishwa mwaka 1950 na kuanza kutumika mwaka 1951, na haimwangalii askari wa utumishi wa kudumu kwa saa zake za zamu. Inamfuata akiwa likizo, akiwa baharini, akiwa sokoni na akiwa kitandani kwake. Kuvua sare hakumtoi ndani yake. Mauaji, ubakaji, kujeruhi na kumpiga mwenzi wa ndoa vyote vimo humo, na kuanzia mwaka 2019 ukatili wa nyumbani una kifungu chake wenyewe, cha 128b, ambacho kinataja waziwazi kumkaba mtu koo au kumziba pumzi.

Hata hivyo maneno yake yana asili, na nadhani ameyarithi kwa wazee wa kikosi. Mwaka 1956 huko Hawaii, sajenti mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kutoka jioni, amevaa nguo za kiraia, aliingia kwa nguvu katika chumba cha hoteli mjini Honolulu na kujaribu kumbaka msichana. Mahakama ya kijeshi ilimfunga. Kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la O'Callahan, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1969 majaji wakaamua kwamba kosa lisilohusiana na utumishi halipaswi kushughulikiwa na mahakama ya kijeshi, bali na mahakama za raia. Kwa miaka 18 waendesha mashtaka wa kijeshi walikuwa wakibishana, kesi baada ya kesi, kama tendo fulani lilihusiana na utumishi au la. Kisha mwaka 1987, katika kesi ya Solorio, iliyomhusu askari wa Walinzi wa Pwani aliyetuhumiwa kuwadhulumu kingono watoto wa askari wenzake nyumbani kwake Juneau, Alaska, Mahakama hiyohiyo iliufuta uamuzi wake wa awali na kusema kwamba linaloangaliwa ni kama mtuhumiwa ni askari au si askari, basi. Tangu siku hiyo swali la kama alikuwa kazini halina uzito tena katika kuamua kama mahakama ya kijeshi inaweza kumshika.

Kuhusu kuhukumiwa mara mbili, hapa mwenzako ameshika nusu ya jambo. Marekebisho ya Tano ya Katiba yanakataza kweli mtu kushtakiwa mara mbili kwa kosa moja, lakini jimbo na serikali ya shirikisho huhesabiwa kuwa mamlaka mbili tofauti, kila moja na sheria yake iliyovunjwa, na Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo tena mwaka 2019 katika kesi ya Gamble. Mahakama ya kijeshi ni ya serikali ya shirikisho. Kwa hiyo kaunti ikimwachia, jeshi linaweza kumshtaki, na kaunti ikimtia hatiani, mlango wa jeshi bado haujafungwa. Kisichowezekana ni mahakama ya kijeshi na mahakama ya kiraia ya shirikisho kumhukumu zote mbili kwa kosa lilelile, maana hizo ni za mwenye mamlaka mmoja. Hilo liliamuliwa zamani, mwaka 1907, katika kesi ya askari aliyekuwa Ufilipino. Ni haki pia nikuambie kwamba Jeshi la Nchi Kavu lina utaratibu wa kutompeleka mahakamani mtu ambaye jimbo limeshamhukumu, isipokuwa kwa idhini ya kamanda wa ngazi ya juu, na kwamba mara nyingi jeshi huisubiri kaunti imalize. Huenda ukimya huo wa kusubiri ndio anaouona kuwa msamaha.

Tena jeshi halihitaji mahakama ili limwondoe. Kamanda anaweza kuanzisha utaratibu wa kumwachisha jeshi kwa kutenda kosa kubwa hata pasipo hukumu, na ushahidi unaotakiwa hapo ni mwepesi kuliko wa kesi ya jinai. Hati atakayoondoka nayo ndiyo itakayoamua maisha yake ya baadaye. Akiondolewa kwa hati isiyo ya heshima anaweza kukosa huduma nyingi za maveterani, na fedha za masomo hutolewa kwa wenye hati ya heshima kamili tu. Umenieleza pia kwamba alipata uraia wake kupitia utumishi. Uraia wa namna hiyo unaweza kubatilishwa iwapo mtu ataachishwa jeshi kwa masharti yasiyo ya heshima kabla hajatimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Sijui kama kuna mtu amemwambia hilo. Na lau angekuwa bado na kadi ya ukaazi tu, hukumu ya ukatili wa nyumbani ingetosha kumrudisha alikotoka.

Halafu kuna bunduki, na hapa naomba usome taratibu. Tangu mwaka 1996 sheria ya shirikisho inamkataza mtu yeyote aliyetiwa hatiani kwa kosa la kumpiga mwenzi wake, hata kosa dogo la mahakama ya kaunti, kumiliki au kushika silaha, na Bunge lilikataa kwa makusudi kuwaacha nje askari na polisi wanapotumia silaha za kazi. Askari asiyeweza kushika bunduki hana kazi jeshini. Nimeona zaidi ya askari mmoja akiingia mahakamani kwa suti aliyoazima, sajenti wake ameketi safu ya nyuma, akiwa tayari kukiri kosa dogo ili arudi kikosini haraka, na wakili wake akimwinamia sikioni kumweleza kwamba kosa hilo dogo ndilo linalomaliza utumishi wake. Ninapotafsiri katika kesi kama hizo, mezani huwa kuna picha za shingo ya mwanamke na rula imelazwa kando ya michubuko ili ipimwe. Ukishaziona picha hizo huwezi tena kuliita jambo lile ugomvi wa ndani.

Nami nina sababu ya kulisisitiza hili la silaha. Mwaka 2012 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani askari wa Jeshi la Anga aliyekuwa New Mexico kwa kumpiga mkewe na kumjeruhi mtoto mdogo wa kambo. Alifungwa miezi 12 na kufukuzwa kwa hati ya mwenendo mbaya. Hukumu hiyo ilipaswa kupelekwa FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho, ili jina lake liingizwe katika orodha ya wasiouziwa silaha, lakini haikupelekwa. Alizinunua dukani kama mtu asiye na doa, na tarehe 5 Novemba 2017 akaingia katika kanisa la Sutherland Springs, Texas, watu wakiwa katika ibada, akaua 26. Mwaka 2021 jaji wa shirikisho aliamua kwamba serikali inabeba asilimia 60 ya lawama, na mwaka uliofuata akaamuru familia zilipwe zaidi ya dola milioni 230. Waliokufa hawakuwa na uhusiano wowote na nyumba ile ya New Mexico. Ukatili ulianzia kwa mke na mtoto, sheria ilikuwepo, hukumu ilitolewa, na karatasi moja haikutumwa.

Umesema sajenti wenu anataka mambo haya yamalizwe ndani ya kikosi. Zamani angeweza kulifanikisha hilo, kwa sababu kamanda wa askari ndiye aliyeamua kama ashtakiwe au aonywe tu, na kamanda anayempenda askari wake hodari hupata sababu nyingi za kumsamehe. Mimi ninaona huo ulikuwa upungufu mkubwa wa haki ya kijeshi. Baada ya kilio cha miaka mingi, hasa baada ya askari kijana wa kike kuuawa na mwenzake ndani ya kambi ya Fort Hood mwaka 2020, Bunge lilibadilisha sheria. Kwa makosa yaliyotendwa baada ya tarehe 27 Desemba 2023, uamuzi wa kushtaki mauaji, ubakaji, ukatili wa nyumbani na mengine machache umo mikononi mwa waendesha mashtaka maalumu wasio chini ya kamanda wake. Sajenti wenu hana tena kitu cha kumalizia kikosini, na akijaribu kukuzuia kusema, yeye mwenyewe anaingia katika kosa la kuzuia haki.

Kwa hiyo nakuja kwako. Mwenzako bado hajatiwa hatiani. Ana haki ya wakili na ya kunyamaza, wala usimhukumu mezani kwenye chakula. Lakini wewe si mtuhumiwa, u shahidi. Wapelelezi wa jeshi wakikuita na ukawaambia hukuona kitu, umetoa taarifa ya uongo rasmi, nayo ni kosa la kijeshi linaloweza kukufunga. Zaidi ya hilo, mwanangu, usisubiri kuitwa. Andika leo ulichokiona kwa macho yako: siku, saa, rangi ya alama, sauti yake ilivyokuwa imekauka, na maneno aliyokuambia, bila kuongeza uliyoyasikia kwa wengine. Kisha mwombe miadi mwanasheria wa jeshi anayesaidia askari, umwonyeshe, naye akuelekeze pa kuipeleka. Aliyekabwa koo mara moja yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa na mtu yuleyule, na hilo waendesha mashtaka hulirudia mahakamani kila mara.

Umeuliza pia, kwa kuwa yule dada hana ndugu hapo na alikuja kwa karatasi za mume, kama atabaki bila chochote mumewe akifukuzwa. Hofu hii ndiyo inayowafunga midomo wanawake wetu, kwa hiyo mweleze polepole kwa Kiswahili. Sheria ya mwaka 1994 ya kuwalinda wanawake dhidi ya ukatili inamruhusu mke wa raia aliyeteswa kuomba ukaazi wake mwenyewe, bila mume kusaini wala kujulishwa. Kama ana kadi ya ukaazi ya miaka miwili, ile yenye masharti, anaweza kuomba masharti hayo yaondolewe akiwa peke yake. Mume akiachishwa jeshi kwa kosa hili, yeye na watoto wanaweza kulipwa posho ya mpito na Wizara ya Ulinzi kila mwezi, hadi miezi 36, pamoja na matibabu, mradi asirudi kuishi naye. Amri ya zuio kutoka kwa hakimu wa kaunti, ile ya kumkataza mume asimkaribie, ina nguvu hata ndani ya kambi, na kamanda anaweza kuongeza yake ya kijeshi. Kambini kuna mshauri wa waathirika katika ofisi ya ustawi wa familia, ambaye kazi yake ni kumsaidia yeye, si kumlinda askari.

Usiwe wewe mkalimani wake mbele ya wapelelezi, hata wakikuomba, maana shahidi hatafsiri. Mwambie adai mkalimani, ni haki yake. Nami siwezi kumtafsiria kwa kuwa wewe ni mwanangu, ila naweza kuzungumza naye kama mama. Mpe namba yangu, anipigie saa yoyote mumewe akiwa hayupo.

Mama yako