Mume wangu ataka tununue ploti ya bedsita kwa mafao yangu

*Shangazi, hujambo? Nilistaafu ualimu mwaka jana na nikapokea mafao ya shilingi milioni 3.4. Mume wangu, ambaye bado yuko kazini, anataka tuongeze mkopo wa milioni 3 kutoka Sacco yake, tununue ploti ya bedsita nane, yaani nyumba za chumba kimoja kimoja, kule Kiamunyi kwa milioni 6.4. Muuzaji, ambaye tunasali naye kanisa moja, anasema kila nyumba hulipa 7,000 kwa mwezi na kwamba hiyo ni faida ya zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kila nikiuliza swali, mzee huniambia kwamba simwamini. Siku hizi tunakula kimya. Nifanye nini? – Mwalimu mstaafu, Nakuru*

Mwalimu wangu mpendwa, sijambo, na pole kwa huo ukimya wa mezani, kwa maana naujua. Miaka mingi iliyopita mimi na marehemu mume wangu tulijenga vyumba vinne Migosi, Kisumu, na kwa mwaka mzima wa kwanza tulikuwa tukizozana kuhusu pesa ambazo kila mmoja alidhani mwenzake amezitumia, kumbe zilikuwa zimemezwa na shimo la choo lililojaa kila masika na mpangaji aliyehama usiku akiwa na deni la miezi mitatu. Hakuna kati yetu aliyekuwa mwizi. Tulikuwa hatujaandika hesabu, basi.

Tuiandike yako. Nyumba nane kwa 7,000 ni 56,000 kwa mwezi, yaani 672,000 kwa mwaka, na ukigawanya kwa milioni 6.4 unapata ile asilimia 10 na nusu ya muuzaji. Hakudanganya katika kugawanya. Alichofanya ni kukupigia hesabu ya nyumba ambayo haikai wazi hata siku moja, haivuji, haina mwangalizi na haidaiwi ushuru, halafu akaacha nje gharama za kununua.

Ununuzi wa ardhi mjini hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 4, ambao kwako ni 256,000. Ongeza wakili na mthamini, kisha rangi na mabomba, kwa sababu sijaona ploti inayouzwa ikiwa mabomba yake ni mazima, na kwa makadirio yangu utakuwa umetumia karibu milioni 7. Zile 600,000 za juu hazimo katika mpango wa mzee wako, na hilo peke yake latosha kumkalisha chini.

Sasa mapato. Chukulia kila nyumba inakaa wazi mwezi mmoja tu kwa mwaka, jambo la kawaida kwa bedsita, ambazo wapangaji wake huhama wakipata kazi kwingine, wakioa au wakikosa pesa. Hapo 56,000 zimeondoka. Ondoa nyingine 28,000 za wasiolipa, unabaki na 588,000. Serikali hutoza asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba za kuishi kwa mwenye kukusanya kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, kiwango kilichoanza Januari 2024 kikishuka kutoka asilimia 10, na ushuru huo hukatwa kwenye jumla unayokusanya, bila kujali ulitengeneza paa au la. Hizo ni 44,100, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwangalizi, hata wa 6,000 kwa mwezi, ni 72,000. Maji, taa za nje, taka na gari la kunyonya choo nimeyawekea 60,000, ukarabati 60,000, na bima pamoja na ada za kaunti karibu 22,000. Kinachobaki mkononi ni takriban 330,000, ambazo kwa milioni 7 hazifiki hata asilimia 5, na bado sijahesabu jumamosi zako utakazozitumia kufuatilia kodi ukiwa mstaafu aliyepaswa kupumzika.

Hapa ndipo mkopo unaponitia hofu. Milioni 3, tuseme kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, kwa miaka mitano, hulipwa kwa karibu 66,700 kila mwezi. Hata nyumba zote nane zikijaa na wapangaji wote wakawa waaminifu, 56,000 haifiki. Kwa hesabu yetu ya kweli, ploti italeta 27,500 na mshahara wa mume wako utaongeza karibu 39,000, kila mwezi, kwa miaka mitano. Riba ya mwaka wa kwanza pekee ni takriban 335,000, ambayo inazidi kidogo faida yote ya ploti.

Mtu atasema ardhi hupanda bei, na ni kweli. Nakuru ilipata hadhi ya jiji mwaka 2021 na Kiamunyi imejengeka tukiona kwa macho. Lakini ongezeko hilo hulipati mpaka uuze, na ukiuza faida yake hutozwa asilimia 15. Nyumba yenyewe, wakati huo, inazeeka.

Hivyo jibu langu ni kwamba msinunue kwa bei hiyo na kwa mkopo huo. Mkiona ploti ndogo ambayo mafao yako yanaitosha bila kukopa, na yabaki ya dharura, tutazungumza mengine. Hata hati za dhamana za Serikali zikikupa asilimia 12 halisi, milioni 3.4 zako zingeleta 408,000 bila bomba kupasuka, ingawa viwango hivyo hupanda na kushuka na msingi wako haukui kama ardhi.

Kwa mzee wako, usiende na hukumu. Nenda na daftari tupu, umwombe ajaze yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mapato na matumizi ya mwaka mmoja. Mwanamume anayemtetea rafiki yake wa kanisani hawezi kushindwa na mke wake bila kuumia, lakini anaweza kubadili nia mbele ya tarakimu alizoziandika mwenyewe. Nadhani pia anaogopa kwamba mtafika uzeeni bila kitu cha kuwaonyesha watoto. Muulize hilo kwa upole, kwa sababu huenda ndilo linalowanyima usingizi nyote wawili.

Akisisitiza, mwombeni muuzaji taarifa za M-Pesa za kodi za miezi 24, si maneno. Nendeni jioni ya siku ya kazi mhesabu taa zinazowaka, kwani wapo wanaojaza ploti jamaa zao wiki ya kuuza. Ulizeni maji yanatoka wapi. Kama ni ya kisima, yapimwe floridi, maana madini hayo katika maji ya chini ya ardhi ya huko Nakuru huwaacha watoto na meno ya kahawia, na wapangaji wenye watoto wanalijua hilo. Deposito za wapangaji waliomo ni zao, kwa hiyo muuzaji azikabidhi au zipunguzwe kwenye bei, la sivyo mtawarudishia nyinyi kutoka mfukoni siku wakihama. Hati ya umiliki nayo iandikwe majina yenu mawili, kwa kuwa zaidi ya nusu ya pesa ni jasho lako la darasani.

Kabla ya hayo yote, msitoe arubuni, hata kama mnasali benchi moja na muuzaji.