Jibu: Filta ya hewa ya pamba kwenye Subaru Forester ya tabo (turbo), Malindi

Ndugu, umeuliza ufunge filta ya koni iliyo wazi au ya pamba inayoingia kwenye boksi la filta lililokuja na gari. Kwa Malindi, funga ya boksi. Koni hunyonya hewa ya moto chini ya boneti, nguvu ikapungua.

Pangusa boksi kwa kitambaa chenye unyevu. Usipulize kwa kompresa, mchanga utaingia kwenye paipu. Mpira wa ukingo ulale sawa pande zote kabla ya kubana klipu. Upenyo mdogo tu unatosha: mchanga hula mapanga ya tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, nayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Ugonjwa mkubwa ni mafuta yanayopakwa filta ya pamba ili inase vumbi. Ukishaosha filta, ianike kivulini mpaka ikauke kabisa, tia mafuta yake kidogo kila mkunjo, ngoja dakika 20. Yakizidi hupeperuka na kuganda kwenye waya wa sensa inayopima hewa iingiayo injini. Gari hukosa nguvu, taa ya injini ikawaka. Sensa isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza tu, usiiguse.

Na kama wapita sana barabara za vumbi, pitisha kitambaa cheupe ndani ya paipu baada ya filta. Kikitoka na vumbi, rudisha filta ya karatasi siku hiyo hiyo.